Jina la Nyota na Bei Yake

Anayedhani kuwa biashara ya majina ya nyota ni uzushi wa zama za intaneti atazame tangazo dogo lililochapishwa mwaka 1885 katika The Observatory, jarida la wanafalaki wa Uingereza. Johann Palisa, mtazamaji nyota hodari wa kituo cha falaki cha Vienna, alitaka kwenda kutazama kupatwa kwa jua kulikotarajiwa Agosti 1886, na fedha za safari hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni asteroidi. Kwa desturi ya wakati ule, anayegundua asteroidi ndiye mwenye haki ya kuipa jina, na katika ugunduzi huo Palisa hakuwa na mpinzani: hadi mwisho wa maisha yake alifikisha asteroidi 122, zote kwa jicho lake kwenye darubini, bila msaada wa picha. Basi akatangaza kwamba haki ya kuipa jina asteroidi namba 244 inauzwa kwa pauni 50, na fedha hizo ni za safari. Namba 244 iliishia kuitwa Sita, mke wa Rama katika Ramayana. Namba 250, aliyoigundua Septemba mwaka huohuo, ndiyo iliyopata mteja. Baron Albert von Rothschild, tajiri wa ukoo wa mabenki, alilipa pauni 50 na asteroidi ikaitwa Bettina, jina la mkewe.

Mapatano hayo yalikutanisha mahitaji mawili ya siku zote: utafiti usio na fedha, na mwenye fedha anayependa jina lake au la mpendwa wake lidumu. Historia ya falaki imejaa mapatano ya namna hii tangu darubini ilipoelekezwa angani kwa mara ya kwanza. Lakini ukifuatilia kilichobaki baada ya kila mapatano, unakuta jambo ambalo wauzaji wa majina hawalitangazi. Fedha zilizotolewa ili kununua jina mara nyingi zilifanya kazi nzuri, ila jina lenyewe likapotea. Fedha zilizotolewa kwa ajili ya kazi, bila kudai nyota hata moja, ndizo zilizoacha majina ambayo wanafalaki wanayaandika mpaka leo. Jambo hili linamhusu kila anayetaka kuchangisha fedha za utafiti kwa kuuza majina ya nyota, sayari au galaksi, na linamhusu zaidi anayeombwa kuchangia.

Mteja mkubwa wa kwanza alikuwa ukoo wa Medici wa Florence, ingawa hakuna aliyetamka neno kuuza. Januari 1610 Galileo Galilei, wakati huo mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Padua, aliona vijinyota vinne vikiandamana na Mshtarii, akatambua kuwa ni miezi inayoizunguka sayari hiyo. Kabla kitabu chake hakijatoka mtamboni, alimwandikia Belisario Vinta, katibu wa mtawala Cosimo II, akiuliza mtukufu angependa lipi: miezi hiyo iitwe Cosmica, kwa jina lake mwenyewe, au Medicea, kwa jina la ukoo. Vinta alijibu kwamba Medicea ni bora, maana Cosmica msomaji angeweza kudhani linahusu ulimwengu tu, na sifa ya Cosimo ikapotelea humo. Jibu lilifika karatasi za mwanzo zikiwa tayari zimechapwa na neno Cosmica, ikabidi vibandiko vidogo vyenye neno Medicea vibandikwe juu yake, nakala moja baada ya nyingine. Kitabu kilitoka Machi, na kabla mwaka haujafika nusu ya pili Galileo alikuwa ameahidiwa cheo cha mwanahisabati na mwanafalsafa wa mtawala, mshahara wa scudi 1,000 kwa mwaka, bila kulazimika kufundisha. Mapatano yalifana kiasi kwamba mwaka huohuo barua ilitoka upande wa mfalme wa Ufaransa, ikimsihi Galileo kuwa akigundua nyota nyingine yenye fahari aipe jina la Henry. Leo hakuna anayezungumzia miezi ya Medici. Inaitwa Io, Europa, Ganymede na Callisto, majina yaliyochapishwa mwaka 1614 na Simon Marius, mpinzani wa Galileo, kwa wazo alilopewa na mwanafalaki Kepler.

Kisa cha William Herschel kinaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi, kwa sababu tunaweza kuhesabu kilicholipwa na kilichopatikana. Herschel alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath, na usiku wa 13 Machi 1781 aligundua sayari ambayo watu wa kale hawakuijua. Akaiita Georgium Sidus, yaani nyota ya George, kwa heshima ya Mfalme George III. Mfalme naye hakuwa mchoyo: alimpa Herschel pauni 200 kwa mwaka ili aache muziki na ashughulike na anga, akatoa pauni 4,000 za kujenga darubini yenye urefu wa futi 40, na kuanzia 1787 akamlipa dada yake, Caroline Herschel, pauni 50 kwa mwaka kwa kazi ya kumsaidia kaka. Jina lenyewe halikuvuka bahari. Wafaransa waliiita sayari hiyo Herschel, Wajerumani wakafuata pendekezo la Johann Bode la Uranus, na kalenda ya mabaharia wa Uingereza ikashikilia jina la mfalme peke yake hadi 1850, ndipo ikasalimu amri. Lakini tazama fedha zilifanya nini. Kwa mshahara ule Herschel na Caroline walikesha miaka ishirini wakiorodhesha mawingu ya nuru yapatayo 2,500, ambayo baadaye tulikuja kujua kuwa mengi ni galaksi. Orodha hiyo ilirithiwa na John Herschel, kisha na J. L. E. Dreyer, aliyechapisha mwaka 1888 orodha mpya yenye vitu 7,840. Mpaka leo galaksi inayoonekana kama sindano katika kundinyota la Coma Berenices huitwa NGC 4565, na herufi hizo zimetoka katika orodha ya Dreyer. Mfalme alilipia sayari asiipate. Ilichokipata dunia ni namba ambazo kila mwanafalaki anazitumia.

Mifano ya aina hii haijakauka. Giovanni Cassini alitoa miezi minne ya Zohali kwa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, aliyekuwa mlipaji wake. Leo inaitwa Iapetus, Rhea, Tethys na Dione. Giuseppe Piazzi wa Palermo aligundua Ceres tarehe 1 Januari 1801 na kuiita Ceres Ferdinandea kwa ajili ya Mfalme Ferdinand. Nusu ya pili ya jina ilikatwa na wenzake mapema sana. Johannes Hevelius wa Gdansk, ambaye kituo chake kiliteketea kwa moto mwaka 1679 na Mfalme Jan Sobieski wa Poland akamsaidia kukiinua tena, alichora mwaka 1684 kundinyota la Ngao ya Sobieski. Ngao ipo hadi leo katika orodha ya makundi 88 yanayotambuliwa duniani, kwa jina la Scutum. Sobieski ametoka.

Kwa nini? Jibu rahisi ni wivu wa mataifa: Mfaransa hakutaka kulitaja jina la mfalme wa Uingereza kila usiku, na Mwingereza hakutaka la Louis. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi, maana kuna majina yasiyo na mfalme wala wivu ambayo nayo yalipita, na mengine ya watu wasiojulikana yakadumu. Mwaka 1814 Piazzi huyohuyo alichapisha orodha yake kubwa ya nyota, na ndani yake nyota mbili za kundinyota la Delphinus zilikuwa na majina ambayo hayakujulikana yametoka wapi: Sualocin na Rotanev. Miongo kadhaa baadaye yakasomwa kinyumenyume, yakatoa Nicolaus Venator, umbo la Kilatini la Niccolò Cacciatore, msaidizi wa Piazzi. Huyu hakumlipa mtu senti. Alikuwa tu miongoni mwa waliopima, waliopiga hesabu na kuandaa kitabu, na kitabu kikawa kizuri, kikatumiwa na kila mtu, jina likapita humo mlangoni. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Falaki, ulioanzishwa 1919 kupanga mambo kama haya, uliyaweka yote mawili katika orodha yake rasmi. Jina la angani halina mwenyewe mwingine zaidi ya wale wanaolitumia kazini. Likiwa katika kitabu wanachokifungua kila siku, linaishi. Likiwa katika barua ya shukrani, linakufa pamoja na aliyeshukuriwa.

Ushahidi mkubwa wa upande wa pili unatoka kwa wajane na matajiri wa Marekani wa karne ya 19. Henry Draper, daktari wa New York aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha nuru ya nyota ikiwa imegawanywa katika rangi zake, alifariki mwaka 1882 akiwa na miaka 45. Mkewe, Mary Anna Palmer Draper, hakutafuta nyota ya kuipa jina la mumewe. Kuanzia 1886 alitoa fedha kwa kituo cha falaki cha Harvard ili kazi ya mumewe iendelezwe, na fedha hizo ndizo zilizowalipa wanawake waliokaa mezani na mabamba ya vioo ya picha, kioo cha kukuzia mkononi, wakisoma mistari myembamba ya nuru ya nyota moja baada ya nyingine. Mmoja wao, Annie Jump Cannon, aliainisha nyota 225,300, na orodha ikachapishwa kati ya 1918 na 1924 kwa jina la Henry Draper. Tangu hapo nyota hizo zote zinabeba herufi HD mbele ya namba zao. Hakuna mfalme aliyepata nusu ya hayo. Catherine Wolfe Bruce, tajiri mwingine wa New York, alimpa Max Wolf wa Heidelberg dola 10,000 za kutengenezea darubini ya picha. Wolf alifikisha asteroidi 248 maishani mwake, na ile aliyoinasa Desemba 1891, ya kwanza duniani kugunduliwa kwa picha, aliiita Brucia kwa shukrani. James Lick, aliyetoa dola 700,000 za kujenga kituo juu ya Mlima Hamilton, California, alizikwa chini ya nguzo ya darubini kubwa aliyoilipia, na kituo kinaitwa Lick.

Hapa msomaji makini atauliza: na Bettina je? Jina lile lilinunuliwa waziwazi, kwa bei iliyotangazwa, na bado lipo kwenye orodha ya asteroidi. Pingamizi hili lina uzito na halifai kukwepwa. Bettina limedumu kwa sababu Palisa aliuza kitu alichokuwa nacho kweli. Haki ya kuipa jina asteroidi ilikuwa yake kwa ugunduzi wake, wenzake waliitambua, na hakuna aliyekuwa na jina shindani. Lakini ni udumu wa aina gani? Bettina ni jina moja kati ya maelfu, linalotajwa na wachache wanaoishughulikia asteroidi hiyo. Rothschild mwenyewe aliendelea kuwa mfadhili wa kituo cha Vienna, na alipofariki mwaka 1911 Palisa alimkumbuka kwa kuiita Albert asteroidi namba 719, aliyoigundua Oktoba mwaka huo. Siku chache baadaye asteroidi hiyo ikapotea. Vipimo vilikuwa haba mno kuweza kukokotoa njia yake, ikatafutwa bila kupatikana kwa miaka 89, hadi mwaka 2000. Jina liliandikwa, kitu hakikuonekana. Kilichoirudisha Albert ni darubini na kompyuta, yaani vitu vilevile ambavyo fedha za wafadhili hununua zikielekezwa kwenye kazi.

Palisa aliuza haki aliyokuwa nayo. Kilichofuata katika karne ya 20 ni uuzaji wa haki ambayo muuzaji hana. Tangu 1979 zimekuwepo kampuni zinazomwandikia mteja cheti chenye jina alilochagua na ramani inayoonyesha nyota yake. Jina huingizwa katika daftari la kampuni, daftari huchapishwa kama kitabu, na kitabu kama kitabu chochote hupata ulinzi wa hakimiliki, jambo ambalo matangazo yamewahi kulitaja kwa namna inayomfanya mteja aamini kuwa nyota yenyewe imesajiliwa serikalini. Wanafalaki hawalifungui daftari hilo, na hakuna kinachoizuia kampuni nyingine kuuza nyota ileile kwa jina lingine. Mtu aliyenunua cheti amepata stakabadhi ya malipo, akiamini amepata hati ya kiwanja. Na tofauti na pauni 50 za Vienna, fedha hizi haziendi kwenye utafiti wowote. Baya zaidi ni kwamba wanunuzi wengi ni wafiwa: wazazi waliopoteza mtoto, watoto waliopoteza mzazi. Wengine hufika kwenye kituo cha falaki na cheti mkononi wakiomba waonyeshwe nyota ya marehemu wao, na mfanyakazi wa kituo ndiye hubaki na mzigo wa kuamua aseme nini.

Jaribio lililokusudia kuchukua mvuto wa cheti na kuutia kwenye utafiti wa kweli lilianza mwaka 2012 huko Boulder, Colorado, chini ya kampuni iliyojiita Uwingu, kwa jina la Kiswahili. Kiongozi wake hakuwa mbabaishaji. Alan Stern alikuwa amewahi kuongoza idara ya sayansi ya NASA, na chombo alichokisimamia, New Horizons, kilikuwa njiani kwenda Pluto. Sababu aliyotoa ilikuwa ya kweli: ruzuku za serikali zilikuwa zinapungua, na mapema mwaka 2013 bajeti ya serikali ya Marekani ilikatwa kwa mkupuo. Uwingu iliwaalika watu wapendekeze majina ya sayari zinazozunguka nyota nyingine, kwa dola 4.99 kwa jina, na dola 0.99 kwa kura. Shindano lake kubwa lilihusu sayari iliyotangazwa Oktoba 2012 kuwa inaizunguka Alpha Centauri B, jirani yetu wa karibu. Jina lililoshinda, kwa kura zaidi ya 700, lilikuwa Albertus Alauda, lililopendekezwa na mjukuu aliyetaka kumkumbuka babu yake. Aprili 2013 Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulitoa tamko kwamba majina ya kununuliwa hayana uhusiano wowote na majina rasmi. Mwaka 2014 Uwingu ikahamia Mirihi, ikauza majina ya mashimo yake kuanzia dola 5, ikilenga kukusanya dola milioni 10. Kisha mwaka 2015 watafiti walipozichambua upya takwimu za Alpha Centauri B, walionyesha kuwa dalili ile haikuwa sayari. Ilizalishwa na namna vipimo vilivyopangika kwa wakati. Albertus Alauda ni jina la kitu ambacho hakipo. Fedha zilizokusanywa, hata hivyo, zilikuwa za kweli, na ruzuku zilikwenda kwa miradi ya elimu ya falaki na utafiti.

Watetezi wa Uwingu walikuwa na hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kuwa Umoja wa Kimataifa wa Falaki haumiliki anga. Hakuna sheria ya nchi yoyote inayoupa mamlaka ya kutaja majina, na binadamu ameyaita mambo ya angani alivyotaka tangu enzi. Mkulima wa pwani aliyeliita kundi la nyota Kilimia hakuomba kibali. Hoja hii ni sahihi, lakini inampiga aliyeitoa. Kama hakuna mwenye mamlaka, basi hakuna mwenye bidhaa ya kuuza, na kinachoamua ni matumizi tu. Kilimia lilidumu kwa kuwa lilitumiwa kujua wakati wa kulima. Majina matatu ya Uranus yalikuwa kero kwa sababu mahesabu ya nchi moja yalipaswa kusomwa katika nyingine, na umoja ule uliundwa kuondoa kero hiyo. Hoja ya pili ni ya bei. Zamani mfalme peke yake ndiye aliyeweza kununua. Dola tano zinamweka mwanafunzi na mfalme kwenye benchi moja. Nayo ina ukweli ndani yake. Lakini benchi hilo lilikuwa la wenye kadi ya benki na intaneti, na kila kura ililipiwa, kwa hiyo mwenye dola mia alikuwa na kura mia. Alichopoteza mfalme hakikwenda kwa umma, kilikwenda kwa mteja.

Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulijibu kwa kufungua mlango bila bei. Katika shindano la 2015, watu kutoka nchi mbalimbali walipiga kura zaidi ya nusu milioni bila malipo. Mwaka 2019, ukiadhimisha miaka 100, uliipa kila nchi iliyoshiriki nyota moja na sayari yake. Tanzania ikaiita nyota WASP-71 Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kenya ikachagua Kalausi, neno la Kijaluo la kimbunga chenye nguvu, kwa nyota HD 83443, na Buru, yaani vumbi, kwa sayari. Katika shindano lililofuata, Kenya iliipa nyota GJ 1214 jina la Kimaasai Orkaria, ngeu nyekundu, na sayari yake, inayodhaniwa kuwa na maji mengi, ikaitwa Enaiposha, maji makubwa. Ni maendeleo makubwa ukilinganisha na miaka ya 1930, wakati Cyril Jackson wa Johannesburg alipogundua asteroidi na kuziita Kenya, Uganda, Mombasa, Pemba na Ruvuma bila mtu wa huko kuulizwa. Hata hivyo tusijidanganye. Fungua makala ya kitaalamu kuhusu nyota ya Kalausi na utakachokikuta ni HD 83443. Jina lililochaguliwa kwa kura halali, bila rushwa wala cheti, bado linasimama nyuma ya herufi mbili za Henry Draper, kwa sababu mjane wake alilipia orodha, na orodha ndiyo inayofunguliwa kila siku.

Kiswahili chenyewe kina jina lililopenya kwa njia hiyohiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, satelaiti ndogo ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kutazama anga kwa miale ya eksirei, na kwa shukrani kwa wenyeji ikaitwa Uhuru. Hakuna aliyenunua jina hilo. Mwaka 1978 orodha yake ya nne ilitoka ikiwa na vyanzo 339 vya eksirei, na vyote vikapewa herufi 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Mwanafalaki wa Tokyo au Chile anayeandika leo kuhusu 4U 1820-30 anaandika herufi ya kwanza ya neno letu, ajue asijue. Uwingu ilikopa neno la Kiswahili ili iuze majina, na hakuna jina lake hata moja lililoingia katika makala ya kitaalamu kama jina la kazi. Uhuru iliorodhesha, na herufi yake imetumika kwa karibu nusu karne.

Je, basi uchangishaji wa aina hii uachwe? La. Kusema kuwa serikali ndizo zinazopaswa kulipia utafiti ni sawa, lakini Palisa hakungojea na wala kupatwa kwa jua hakumngojea. Fedha kidogo za watu wengi zina mahali pake, hasa pale zinapolipia kazi ambayo bajeti kubwa haikuiwekea fungu. Mwaka 2008 Travis Metcalfe wa Colorado alianzisha mradi ambao mchangiaji wa dola 10 alipewa nyota mojawapo kati ya zile ambazo darubini ya angani iitwayo Kepler ingezitazama, aifuatilie kama mlezi wake, na fedha zikaenda kwa timu ya kimataifa inayochunguza mitetemo ya nyota hizo. Mradi haukuahidi kuwa dunia itaiita nyota kwa jina lake. Uliahidi kuwa nyota hiyo itapimwa, na ikapimwa. Tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya harambee na ulaghai, na inaweza kuandikwa katika fomu ya mchango kwa sentensi moja: fedha yako itatumika kwa kipimo hiki, na jina lako litakuwa kwenye orodha ya waliokilipia. Chuo chochote chenye darubini na chenye uhaba, Nairobi au Dar es Salaam, kinaweza kutoa ahadi hiyo bila aibu, na kuitimiza. Jina la mchangiaji likiwekwa juu ya bamba la darubini, juu ya nafasi ya masomo ya mwanafunzi, au katika ukurasa wa kwanza wa orodha ya vipimo, litaishi kadiri kazi hiyo inavyotumika. Anayetaka kukumbukwa na wanafalaki wa miaka mia ijayo alipie orodha yao, nyota aziache.